Mkunga Anajibu: Mtoto amekaa kitako, mbavu hazina raha

*Shikamoo Mama. Nina miaka 24, hii ni mimba yangu ya kwanza na kadi inasema nimefikisha wiki 34. Ninaishi kijijini, na mpaka Kahama mjini ni saa moja na nusu kwa bodaboda kama mvua haijanyesha. Wiki hii kliniki nesi alinipapasa tumbo akasema mtoto ametanguliza makalio. Akaandika kwenye kadi, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, basi. Tangu siku hiyo sina usingizi. Kuna kitu kigumu kimenikaba chini ya mbavu upande wa kulia, nikiinama kupuliza moto nakosa pumzi, na huku chini napigwa mateke mpaka mkojo unaniponyoka. Mama mkwe ameshaongea na bibi mmoja anayegeuza watoto kwa kukanda na mafuta, anasema nisipowahi nitapasuliwa. Mume wangu naye ameona kwenye simu kwamba nisimame kichwa chini, miguu ukutani. Tena mkwe anasema mtoto wa namna hii ni Kashinje, ana mambo yake. Nifuate lipi? Na haya maumivu nitayabeba vipi mpaka mwisho?*
Mwenye Mbavu, Kahama

Marahaba mwanangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na pumzi yenyewe unasema haitoshi, kwa hiyo nianze na mbavu. Hilo la kugeuka lina muda wake. Hili la mbavu ni la usiku wa leo.

Hicho kitu kigumu ni kichwa cha mtoto. Jilaze chali kidogo, ukunje magoti, uweke vidole viwili kila upande wa hicho kigumu, ukisukume taratibu kutoka kidole hadi kidole. Kichwa ni kigumu, cha mviringo, na kinacheza peke yake kwa sababu kipo juu ya shingo. Makalio ni laini zaidi, na ukiyasogeza mwili mzima unayafuata. Ndivyo nesi alivyojua. Kisha lazima aliweka fetoskopu akasikia mapigo ya moyo juu ya kitovu chako, wakati kwa mtoto aliyetanguliza kichwa mara nyingi tunayasikia chini ya kitovu. Hata kwikwi za mtoto wewe utakuwa unazisikia juu. Ukishajua unachokishika ni kichwa cha mwanao, wala si uvimbe, nusu ya hofu inapungua. Nimeona hivyo kwa akina mama wengi.

Sasa umetaja kuinama kupuliza moto. Adui yako wa kwanza ni kigoda. Ukikaa kwenye kigoda kifupi magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, tumbo linabanwa, na kichwa cha mtoto hakina pa kwenda isipokuwa kwenye mbavu. Inua jiko. Panga matofali, au mafiga yakae juu ya jukwaa la udongo, mume wako anaweza kulijenga kwa siku moja badala ya kutazama simu. Beseni la kufulia liwe juu ya meza au benchi. Ukichambua mboga, kaa kwenye kiti kirefu, mgongo umenyooka, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kanga usiifunge juu ya tumbo pale penye mbavu, ifunge chini ya tumbo. Sidiria kama ni ile ya kabla ya mimba, achana nayo mpaka utakapomaliza kunyonyesha.

Kichwa kikikukaba kabisa, simama mlangoni, inua mkono wa kulia ushike juu ya fremu, halafu egemea kushoto polepole huku ukivuta pumzi ndefu. Mbavu za kulia zinafunguka. Ukiwa hapo weka kiganja chini ya kichwa cha mtoto, umpapase tu kama unamsalimia. Mara nyingi atasogea kidogo, hata upana wa vidole viwili ni nafuu kubwa. Usimsukume kwenda chini kwa nguvu. Papasa, acha, pumua.

Chakula cha jioni ule mapema, kidogo kidogo. Sahani ya ugali uliyokuwa ukiimaliza mwezi wa 4 wa mimba haina nafasi sasa, igawe mara mbili. Ukishakula usilale kwa muda wa saa mbili, la sivyo kiungulia kitakuamsha. Usiku lala kwa ubavu wa kushoto, na uinue upande wa kichwani kwa kukunja blanketi chini ya godoro, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine au kitenge kilichokunjwa mgongoni. Ukiamka ukajikuta umelala chali usishtuke, geuka tu.

Mateke ya chini ni miguu au magoti yake kwenye kibofu. Kojoa mara kwa mara hata kama hujabanwa. Nawajua akina mama wanaoacha kunywa maji ili wasikojoe; wanachopata ni mkojo wa kuwasha na maambukizi, na maambukizi ya mkojo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kunywa maji, weka kitambaa, maisha yaendelee. Ila mkojo ukichoma, au ukiambatana na homa, nenda upimwe.

Kuhusu dawa: Panadol ya kawaida unaweza kutumia kwa kiasi, na umwambie nesi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao usiguse, hata kama muuza duka la dawa amekuhakikishia kwamba “hii ya mgongo haina shida”. Katika miezi hii ya mwisho dawa hizo zinaweza kubana mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto na kupunguza maji yaliyomzunguka.

Sasa nisikilize hapa kuliko kote. Maumivu ya chini ya mbavu upande wa kulia, au kwenye chembe ya moyo, si kila mara ni kichwa cha mtoto. Dalili moja ya presha ya mimba iliyokuwa kali, ile inayoelekea kifafa cha mimba, inakaa palepale, kwa sababu ini lipo palepale. Maumivu ya kichwa cha mtoto hubadilika: ukisimama, ukigeuka, mtoto akisogea, yanapungua. Yakiwa ya moja kwa moja, na hasa yakija pamoja na kichwa kuuma kusikopoa, vimulimuli machoni, kutapika, au uso na mikono kuvimba, usiseme “ni huyu mtoto wangu na kichwa chake”. Nenda siku hiyohiyo upimwe presha na protini kwenye mkojo. Mama mwenye mtoto aliyekaa kitako ana sababu nzuri mno ya kupuuza dalili hii, ndiyo maana naikazia.

Tuje kwenye kugeuka. Nesi wako hakukupuuza. Kwenye wiki ya 28, watoto kama 20 hadi 25 kati ya 100 wamekaa kitako, na hakuna anayeshughulika nao. Mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 tu. Wengine wote wamegeuka wenyewe, bila mafuta ya mtu. Wiki 34 bado yupo ndani ya muda. Nikuambie ukweli pia: kwa mimba ya kwanza wanageuka kwa shida kidogo, kwa kuwa misuli ya tumbo lako haijawahi kulegezwa, na kama miguu yake imenyooka juu mpaka usoni, yeye mwenyewe anakosa mahali pa kukunjia. Akigeuka utajua. Kutakuwa na siku au usiku wa vurugu tumboni, kisha pumzi inarudi, mateke yanahamia juu, kwikwi zinashuka chini, na kukojoa kunazidi. Hata hivyo usijiamulie, nenda wakuthibitishie.

Kwa nini wengine hawageuki? Mara nyingi hatupati sababu. Zinapopatikana, huwa ni kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi au machache kupita kiasi, umbo la kizazi lenyewe, au mapacha. Hakuna hata moja linalotokana na ulivyolala, ulivyobeba maji au ulivyogombana na wifi yako.

Kuhusu yule bibi, simdharau. Nimefanya kazi miaka mingi na wakunga wa jadi wakileta wagonjwa mlangoni kwetu, na wapo wenye mkono mwepesi kuliko baadhi ya wasomi. Lakini mkono wake, uwe mwepesi vipi, hauoni kondo la nyuma lilipo. Akikanda kwa nguvu kondo likaachia, damu inaweza kuvuja kwa ndani bila wewe kuona hata tone, na mtoto akakosa hewa wakati mnanywa uji. Mkono huo pia hausikii mapigo ya moyo ya mtoto yanaposhuka. Na kwenu mpaka chumba cha upasuaji ni saa moja na nusu.

Jambo lenyewe la kugeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo hospitali zipo zinazolifanya. Tofauti ni mazingira. Linafanywa mimba ikifika wiki ya 36 kwa uzao wa kwanza, na wiki ya 37 kwa aliyewahi kuzaa, ili ikilazimu kumtoa mtoto awe amekomaa. Kwanza ultrasaundi inaangalia kondo, maji na jinsi mtoto alivyokunja miguu na shingo. Mapigo ya moyo yanapimwa kabla na baada. Mara nyingi unapewa dawa ya kulegeza kizazi. Daktari anayasukuma makalio yatoke kwenye nyonga, anamzungusha mtoto kama anayebiringika kichwa mbele. Inachukua dakika chache, inabana, na ukisema “basi” anaacha. Chumba cha upasuaji kipo hatua chache, maana kama 1 kati ya 200 huhitaji kupasuliwa kwa dharura ndani ya siku hiyo. Kwa uzao wa kwanza hufanikiwa kwa akina mama takriban 40 kati ya 100, kwa waliowahi kuzaa kama 60. Kama kundi lako la damu ni hasi, waambie kabla, kuna sindano yake. Hawakufanyii kama una mapacha, kondo limeziba njia, chupa imeshapasuka, au ulitokwa damu karibuni. Si kila hospitali ina daktari mwenye uzoefu huu, kwa hiyo uliza: “Hapa mnageuza mtoto kwa nje? Kama hamfanyi, nani anafanya?” Kuuliza si ujuaji.

Mama mkwe usibishane naye jikoni. Nenda naye kliniki kwenye hudhurio la wiki ya 36, umpe kadi aishike yeye. Nesi akimwonyesha pale palipoandikwa mlalo na kitangulizi cha mtoto, na kumweleza kwa heshima kwamba hata hospitali wanaweza kumgeuza mtoto kwa mikono ila kwa masharti, utashangaa. Mkwe anayeogopa kisu anaogopa kukupoteza, mpe kazi ya kukulinda.

Mume naye: miguu ukutani hapana. Mjamzito wa wiki 34 akidondokea tumbo, kondo linaweza kuachia. Kuna mkao wa magoti na kifua kitandani, makalio juu, dakika 10 au 15 tumbo likiwa tupu. Utafiti haujaonyesha kwamba unageuza watoto, lakini hauna madhara kwa mama mwenye afya na unawaondolea wengi mzigo wa mbavu kwa muda, kwa sababu kichwa kinatoka kwenye banio. Ufanye kwa ajili ya mbavu. Ukisikia kizunguzungu, acha. Kumwimbia chini ya tumbo, kumulika tochi, fanyeni mkipenda, angalau baba atapata shughuli.

Na Kashinje. Usukumani mtoto aliyetanguliza miguu ana jina lake na heshima yake, kama pacha walivyo na majina yao, na nimewapokea akina Kashinje ambao leo ni walimu na madereva. Jina halizuii upasuaji wala upasuaji haufuti jina. Kama ni wa makalio mbele na miguu usoni, sijui wazee watasemaje, hilo mtaketi nalo baada ya arobaini. Ninachokataa ni dawa za kunywa. Dawa yoyote ya kienyeji ya “kufungua njia” au kuleta uchungu, kwa mtoto aliyekaa vibaya, inasukuma kizazi kupigana na mtoto asiyeweza kutoka, na kizazi ndicho kinachopasuka.

Asipogeuka je? Kwa uzao wa kwanza, madaktari wengi wa kwetu watakupangia upasuaji, kwa kawaida kwenye wiki ya 39. Mwaka 2000 ulitolewa utafiti mkubwa uliohusisha akina mama zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ukaonyesha kuwa watoto waliokaa kitako walipata madhara machache pale upasuaji ulipopangwa mapema. Toka hapo dunia nzima ikahamia kwenye kisu. Mimi nina neno langu hapa. Kwa aliyewahi kuzaa, mtoto wa wastani, kidevu kimeinama kifuani, na mkunga anayejua kazi, mtoto wa kitako huzaliwa kwa njia ya kawaida, na sisi wa zamani tulifundishwa: mikono mbali mpaka kitovu kionekane, usivute. Ukimvuta, mikono yake inapanda juu na kichwa kinainuka kidevu, ndipo msiba unapoanza. Manesi wa leo wanaona uzazi huu mara chache, na ujuzi usiotumika unaota kutu. Kwa hiyo kwako wewe, uzao wa kwanza, umbali ule, sitakushawishi uukwepe upasuaji.

Nitakachokushawishi ni uwe wapi siku hiyo. Hilo ndilo kubwa kuliko kugeuka kwenyewe. Zahanati ya kijiji haifai safari hii, hata kama nesi wake ni mwema. Unahitaji kituo chenye chumba cha upasuaji na damu. Kuanzia wiki ya 37 usilale tena mahali ambapo hospitali iko saa moja na nusu kwa bodaboda. Kama una ndugu Kahama mjini, hamia. Kama hospitali mliyopewa ina nyumba ya akina mama kusubiria, ile wengine wanayoiita chigonela, uliza nafasi. Namba 115 ya M-Mama, ya bure, iandikwe kwenye simu ya mume, ya mkwe na nyuma ya mlango, ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga.

Chupa ikipasuka, hata bila uchungu, safari inaanza dakika hiyo. Kwa mtoto wa kichwa, kichwa huziba njia vizuri. Makalio na hasa miguu huacha mwanya, na kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatangulia. Ukiona au ukihisi kamba imetoka ukeni: usiirudishe, usiishikeshike. Piga magoti, kifua na shavu chini, makalio juu, na ubaki hivyo hata ndani ya gari, watu wacheke wakitaka. Mkao huo unamwondolea mtoto uzito juu ya kamba mpaka ufike.

Wiki ya 36 uliza haya: kondo liko wapi, miguu imekunjwa au imenyooka, rufaa yangu ni ya hospitali gani na tarehe gani. Usitoke bila karatasi.

*Mama, heshima yako. Mimi ni mwanaume, nipo Tabora vijijini. Mke wangu ana mimba ya tano, wiki 37. Kila kliniki mtoto yupo kivingine: mara kichwa chini, mara kimshazari, juzi wamesema amelala mlalo kabisa. Sasa wanataka alazwe wakati haumwi popote. Mazao yapo shambani, watoto wanne nyumbani, na mama yangu anasema wanne wa kwanza walizaliwa salama kwa hiyo hata huyu atajiweka sawa. Nahisi ni kutupotezea muda na hela.*
Mkulima

Baba, mpeleke leo. Nitaeleza ukiwa unafunga mizigo.

Tumbo lililobeba mara nne limelegea, mtoto ana uwanja wa kuzunguka, ndiyo maana anabadilika. Mama yako ana haki kwa kiasi fulani: wapo wengi wanaonyooka uchungu ukianza. Shida ni wale wasionyooka. Mtoto aliyelala mlalo hana njia ya kuzaliwa kwa kawaida, hata awe mdogo, hata mama awe na uzoefu wa mimba kumi. Chupa ikipasuka hakuna kichwa wala makalio ya kuziba, kinachotoka ni kamba au mkono. Nimeona mkono wa mtoto umetoka nje mama akiwa bado yuko juu ya baiskeli. Uchungu ukiendelea, kizazi cha mimba ya tano ndicho chepesi kupasuka, na akina mama wa hivyo tunawapoteza wakiwa wanazungumza.

Kumlaza si kumtibu. Ni kumweka mahali ambapo chupa ikipasuka saa nane usiku, chumba cha upasuaji kipo mlango wa pili. Wakiwa naye wataangalia kama kondo limekaa chini, kama kuna uvimbe, kama maji yamezidi. Wakikuta kila kitu ni sawa wanaweza kumnyoosha mtoto kwa nje, wakamwanzishia uchungu hapohapo akiwa kichwa chini. Wewe shughulika na mambo matatu: watoto wanne wana nani, nani atatoa damu ikihitajika, na simu yako iwe na chaji. Mazao yataliwa na ndege kidogo. Na tafadhali, mtu asije akamkanda huko nyuma, kwa kizazi cha mimba ya tano ni hatari maradufu.

Usione nakukaripia. Wanaume wengi hawaandiki kabisa.

*Shikamoo. Natoka Likoni, Mombasa. Mwanangu alikuwa amekaa kitako mpaka mwisho, nikafanyiwa upasuaji, yeye msichana na mimi sote tuko salama. Ana wiki mbili. Lakini miguu yake inapanda juu, karibu na uso, nikimvisha nepi inajirudia vilevile. Nyanya yake ataka kumnyoosha kwa mafuta kila asubuhi na kumfunga miguu kwa kanga iwe sawa. Je, ni kilema?*
Mama Binti

Marahaba, na hongera kwa binti. Si kilema. Amekaa wiki nyingi tumboni miguu ikiwa imenyooka juu mbele ya uso, na misuli ya nyuma ya mapaja bado inakumbuka. Itashuka yenyewe polepole, huhitaji kuisaidia.

Nyanya ampake mafuta, amsugue mgongo na tumbo, wote watafurahi. Asivute miguu, asimning'inize kwa vifundo, na zaidi ya yote asiifunge pamoja ikiwa imenyooka. Watoto waliokaa kitako, wa kike hasa, na hata waliozaliwa kwa upasuaji, wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kifundo cha nyonga kutokaa vizuri kwenye tundu lake. Kufunga miguu imenyooka na imebanana ndiko kunakochochea kifundo kitoke. Mapaja yakiachwa wazi, magoti yamekunjwa, kifundo kinazama mahali pake. Bahati nzuri nyanya huyo huyo ana dawa yake: mbeleko. Binti akipata nguvu kidogo ya shingo na kidonda chako kikipona, abebwe mgongoni, mapaja yamefunguka pande zote mbili za kiuno, kama tulivyobebwa sote.

Ukimwogesha, mlaze chali, ukunje magoti yote mawili na uyafungue taratibu kama kitabu, bila kulazimisha. Angalia kama paja moja linagoma kufunguka, kama goti moja liko chini kuliko lenzake, kama mikunjo ya mapaja haifanani. Ukiona chochote, nenda mapema. Usipoona, bado siku ya chanjo ya wiki ya 6 mwambie sista: “Huyu alikuwa kitako, naomba aangaliwe nyonga,” na uulize kama wana ultrasaundi ya nyonga au watakupeleka wapi. Nyonga ikigunduliwa wiki hizo, hutibiwa kwa mkanda laini wa kuweka mapaja wazi kwa muda. Ikigunduliwa akiwa anatembea kwa kuchechemea, ni upasuaji. Usingoje waulize wao; siku ya chanjo foleni huwa ndefu na kijitabu chako watakifungua ukurasa wa sindano tu.